Oili Chafu Kwenye Uso wa Mama

Basi watu wa makumbusho wamefika, Kaka, na gari lao jeupe, na sanduku lako wanaume wanne wamelibeba mpaka kanisani, na saa hizi wanakula. Wakimaliza kula wanalifungua. Mimi nimesema tumbo linaniuma nikakimbilia nyumbani. Tumbo haliniumi, Kaka Anselimu. Naogopa.

Anayeandika ni Yustina, mke wa mwanangu Filbati. Unamkumbuka, ulikuwa unamwita Mwalimu kwa sababu hawezi kusikia mtu amekosea akanyamaza. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Mimi kusoma sijui, kwa hiyo wewe huko uliko utaangalia kama ameandika sawa.

Sanamu zako nimeziharibu.

Nimesema. Yustina ameacha kuandika, ananitazama na kalamu hewani. Andika, mwanangu. Ndiyo, zile za pango la Noeli. Ndiyo, zote. Andika, halafu utanishangaa baadaye, muda hakuna.

Wewe ndiye mtu wa pili kuambiwa, Kaka, maana Yustina kakuwahi. Tangu mwaka juzi nimelibeba hili peke yangu kama mtu aliyemeza jiwe. Na leo watu wote wamekuja. Wamekuja mpaka wa Pito, wamekuja wa Kasense kwa bodaboda, wanakwaya wamevaa sare, na Desideri mwenyekiti wa kigango amevaa lile koti lake la harusi ambalo halifungi tena tumboni. Wote wanangoja kuona sanamu za Anselimu. Na ndani ya sanduku hakuna wanachokitegemea.

Ngoja nianze vizuri. Nikianza katikati Yustina ananikunjia uso.

Ulipotuacha, wazee wa kigango walikaa wakasema sanduku la pango likae kwangu, kwa sababu mimi ni dada yako na kwa sababu mimi ndiye niliyesaga rangi. Nikafurahi. Nilijiona mtu. Nikaliweka chini ya kitanda changu, nikaifunga kila sanamu kwenye nailoni, vumbi lisiingie. Zote kumi na moja. Mama Maria, Yosefu, Mtoto, wachungaji wawili, wafalme watatu, ng'ombe, punda, na yule kondoo wako wa shingo fupi uliyemkata vibaya ukasema ndivyo kondoo wa Ufipa walivyo, wamejikunyata kwa baridi.

Kila mara nilikuwa nawafungua nawatazama. Nilikuwa naongea nao, usinicheke. Mtu ukibaki peke yako unaongea hata na sufuria. Nilimsalimia yule mfalme wako wa migebuka. Unakumbuka Padri wa siku zile alivyosimama mbele yao, mikono nyuma, akauliza, "Anselimu, dhahabu iko wapi?" Na wewe ukamjibu bila kucheka, "Baba, dhahabu tungeijua wapi sisi? Mtoto akizaliwa huku analetewa ulezi." Mfalme wa kwanza na jembe la chuma la kizee, la kufuliwa, wa pili na kikapu cha ulezi, wa tatu na fungu la migebuka kwa sababu katoka Wampembe kwa miguu. Padri akacheka mpaka akatoa miwani. Watu wa kando ya ziwa waliposikia walikuja Noeli ile kumwona mfalme wao. Na mmoja akasema migebuka ile umeichonga minene mno, mtu anaweza kuhama akaja kuvua huku kanisani.

Yustina ananiambia nirudi kwenye habari. Narudi.

Siku moja nikaona unga. Chini ya miguu ya Yosefu, unga mdogo kama wa ulezi uliosagwa vizuri. Nikamgonga Yosefu mgongoni, unga ukamwagika tena. Na tundu, Kaka, tundu dogo kama la sindano, moja kisigino, mbili kwenye kanzu. Wadudu wanamla Yosefu! Niliwaza, Anselimu kanikabidhi, na mimi nimekaa tu juu ya kitanda wadudu wanasaga chini yangu kama mashine.

Sasa mtu wa huku akiona mti unaliwa anafanya nini? Si oili chafu! Nguzo za uzio wa Desideri zimepakwa oili chafu, watoto wake waliozikuta wameoa, mchwa hawajagusa. Boriti za nyumba hii hii ninayokaa ulizipaka wewe mwenyewe. Nilikushikia kopo. Ukasema, "Apolonia, hapa mdudu akionja anaenda kusimulia kwao." Ulisema au hukusema? Ulisema.

Basi nikaenda mjini, kwa mafundi wa yale malori ya Mzee Salumu. Nikamkuta fundi kalala chini ya gari, naona miguu tu. Nikaisalimia miguu. Nikaomba oili iliyomwagwa. Akauliza kule chini, "Ya nini, Bibi? Una gari?" Nikamwambia ninalo, lina miguu miwili na goti moja bovu. Akacheka, akanijazia galoni. Nikaibeba mpaka nyumbani kwa furaha, Kaka. Kwa furaha. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote, niliibeba nikiimba.

Nikaanza na ng'ombe, kwa sababu yeye ni mweusi tayari. Alipendeza! Aling'aa kama ng'ombe aliyetoka mtoni. Nikasema, kumbe. Nikaenda kwa punda, nikaenda kwa kondoo, wachungaji, wafalme, nachovya kitambaa nasugua, kila tundu nalijaza. Nilipofika kwa Yosefu nikasugua sana, maana yeye ndiye mgonjwa. Na Mama Maria nikamweka mwisho, nikampaka taratibu kwa kidole. Nikampaka na usoni. Nikawafunga tena kwenye nailoni, nikarudisha sanduku, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Nilikaa wiki. Nikafungua.

Kaka, rangi ilikuwa imeondoka ikaenda kwenye nailoni. Ule wekundu wetu wa udongo uliochomwa umekuwa kama damu ya zamani. Ule weupe niliouchimba mwenyewe kule kingoni mwa mto, mikono imekufa ganzi kwa maji ya Juni, umekunywa oili ukawa rangi ya tope. Na bluu ya Mama Maria... Unakumbuka ile bluu? Duka zima la mjini halikuwa na rangi ya bluu ya kupaka, ukakaa siku tatu hufanyi kazi, umenuna, mpaka nikakuletea bluu ya kufulia mashati, ile ya vipande. Nikaiponda na kiini cha yai. Ukaijaribu kwa kidole kwenye ubao, ukasema, "Dada, umenileta mbinguni kwa kifuko cha bluu." Ile bluu yote ilikuwa kwenye nailoni. Juu yake imebaki kama jeraha.

Hapo ningeacha. Ningeacha hapo hapo, Kaka, ingekuwa kosa moja. Lakini mtu akiogopa mikono haitulii. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikachukua kitambaa, nikasema nitoe mafuta, rangi itarudi. Nikaanza na Mama Maria kwa sababu ndiye aliyeniuma.

Nikamfuta uso.

Yustina amesimama, ameenda kunywa maji. Amerudi. Haya, sawa mwanangu, kaa. Hapana, Yustina hajui, wewe ndiye unayejua. Yeye aliolewa huku, anaona Mama Maria tu. Ngoja nimweleze na wewe usikilize.

Yustina, ule uso si uso wa mtu yeyote. Ni uso wa mama yetu. Mama alikufa mimi nikiwa sijaota hata kifua vizuri, na Kaka Anselimu ni kijana wa kuchunga. Picha hakuna. Nani alikuwa na picha siku zile? Alipozikwa, alizikwa na uso wake. Kaka alipojifunza kuchonga akaniambia, "Namkumbuka kwa mikono." Akamchonga ameinama, anamtazama mtoto, na kitenge kichwani, ili ukisimama unaona kichwa tu, kilemba tu. Uso huuoni mpaka upige magoti. Kaka alifanya makusudi. Alisema, asiyepiga magoti hana haja ya kumwona Mama.

Na Noeli ya kwanza walipowekwa pale kwenye majani, Mama mdogo Rozalia akaingia kanisani, akapiga magoti kama watu wengine, akainua macho. Akapiga ukelele, "Dada! Dada, kumbe uko huku!" Akakaa sakafuni, misa ikasimama. Ndivyo alivyofanana. Mti ulikuwa wa Kaka, lakini macho nilipaka mimi. Midomo nilipaka mimi. Na lile kovu la moto la shavuni, lile uji wa pombe uliporuka ukamuunguza, nililipaka mimi kwa unyoya wa kuku, kidogo tu, weupe juu ya wekundu.

Sasa macho hayapo, Kaka. Nimeyafuta kwa sabuni ya unga. Mti upo, pua ipo, paji la uso lipo, lakini anatazama kama mtu aliyekatizwa usingizi. Na mweusi. Mweusi wa oili, unanuka gereji.

Nilimfunga nikafunga sanduku, nikakaa juu yake mpaka kuku walipoingia ndani kulala.

Noeli iliyofuata nikasema naumwa na ufunguo siuoni. Desideri akasema si neno, akaenda mjini akanunua wa plastiki. Ungewaona! Mtoto ana nywele za njano na mashavu kama mtu aliyepigwa makofi. Wafalme wote sura moja. Mama Serafina wa jumuiya yetu akasema kwa sauti, kanisa zima linasikia, "Huyu hata akilia hatutamwelewa." Watu wakacheka. Mimi nikacheka na wao, huku najiona mwizi. Noeli ya pili tena plastiki. Nikasema paa linavuja, sanduku lisifunguliwe mvua itaingia. Paa halivuji. Ulilipiga wewe.

Halafu ikaja hii habari ya picha. Binti wa Desideri alipiga picha kwa simu Noeli yako ya mwisho, ukiwa umekaa pembeni na blanketi. Picha ikatembea, sijui inatembeaje, kutoka simu hii kwenda simu ile, mpaka ikamfikia huyu mama anayefanya kazi na makumbusho. Akapiga simu. Akasema anakuja mwenyewe kuziona. Desideri alinijia mbio, koti mkononi, "Bibi Apolonia! Anselimu amekuwa mtu mkubwa!" Nikakaa kwenye kigoda.

Nilifikiri kuzitupa. Nakwambia ukweli. Nilifikiri kuwasha moto, niseme moto umetoka jikoni. Nikachukua hata kuni. Nikashindwa, kwa sababu yule kondoo wa shingo fupi alikuwa ananitazama na sura yake ile ya baridi.

Jana huyo mama mgeni akafanya mkutano. Mama mzuri, mnene, si mwenye majivuno, anatetemeka kwa upepo wa huku mpaka Mama Serafina akamvika blanketi lake. Anasema, "Jamani, mnaishije na baridi hii?" Wanawake wakamjibu, "Tunazaa sana." Basi akacheka, akaanza kueleza. Na kila neno alilosema, Kaka, lilikuwa linanipiga mimi.

Anasema sanamu za zamani zilizopakwa rangi zimebaki chache sana. Anasema watu hawaziharibu kwa ubaya, wanaziharibu kwa kuzipenda. Akasimulia mzee wa mkoa mwingine huko aliyekuwa na mlango wa kuchongwa wa babu yake, akaupaka rangi ya geti uonekane mpya. Watu wakacheka sana. Desideri akasema, "Huyo angefungwa!" Na mimi nikacheka, Kaka. Nilicheka kuliko wote, nikajipiga mapaja. Mama Serafina akanitazama akasema, "Leo Bibi kafurahi."

Anasema msizifunge kwenye nailoni, zinapumua. Nimezifunga. Msiziweke karibu na moshi. Jiko langu liko wapi? Msizipake kitu, hata mafuta, hata vanishi. Msizioshe. Ukiona unga wa wadudu, usifanye chochote, weka pembeni ile inayoliwa, tuite sisi, kuna njia. Kuna njia! Kumbe kulikuwa na njia, na mimi nabeba galoni la oili kichwani naimba.

Halafu akasema thamani yake kwanza ni rangi. Mti mzuri utaupata popote, anasema, lakini rangi ya udongo wa hapa, na yai, na bluu ya kufulia, iliyotengenezwa na watu wa hapa kwa mikono yao, hiyo hajawahi kuiona. Akauliza, "Nani alitengeneza rangi?" Desideri akaruka juu, "Ni huyu hapa! Bibi Apolonia! Yeye ndiye kiwanda!" Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Yule mama akanijia, akapiga goti, akanishika mikono yote miwili, "Shikamoo Bibi." Nikasema marahaba. Nilitaka ardhi inifungukie.

Sasa nikwambie kinachonitisha hasa, kwa sababu aibu peke yake ningeivumilia. Nimeshaaibika mara nyingi maishani. Nilianguka nikitoka kukomunika mbele ya Askofu na sikufa.

Wakifungua lile sanduku wataona sanamu nyeusi, hazina macho, zinanuka, zimetoka chini ya kitanda cha bibi kizee anayekaa peke yake. Na amekuwa anazificha. Noeli mbili anadanganya. Unajua watu wetu, Kaka. Wakarimu, wataimba na wewe, watakulimia shamba ukiumwa. Lakini neno likianza halirudi. Unamkumbuka Bibi Skola wa kule juu? Alifanya nini yule? Alikuwa na vyungu vya zamani vya mama yake, vimefunikwa, hataki mtu aguse. Basi. Mtu mmoja akasema vyungu, mwingine akasema kwa nini vimefunikwa, wa tatu mtoto wake akaugua. Watu wakaacha kwenda kwake kuomba moto. Wakaacha kumsalimia. Mpaka mwanawe akaja kumchukua kumpeleka ziwani, anakaa huko kwenye joto ambalo hajalizoea, hana hata jirani wa kuongea naye Kifipa cha huku.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Hukujua hilo. Nilikutana naye njia ya kisimani, akaniambia, "Apolonia, umeamkaje?" Nikageuza uso nikajifanya natengeneza kata ya kuwekea ndoo kichwani. Nilijua kabisa vile ni vyungu tu. Nilimwona mama yake akivifinyanga. Nikageuza uso kwa sababu waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanatazama.

Kwa hiyo najua inavyofanywa. Ndiyo maana naogopa. Anayejua inavyofanywa anaogopa zaidi.

Au waseme nimeuza. Hilo nalo lipo. Waseme zile za kweli Apolonia kaziuza kwa watu wa mjini, akachonga vijiti akavipaka oili. Sijui kipi kibaya zaidi, kuitwa mwizi wa kaka yangu au lile neno lingine ambalo sitaki Yustina aliandike.

Yustina anasema, "Mama, hakuna atakayekugusa, mimi nipo na Filbati yupo." Maneno mazuri. Lakini na Bibi Skola alikuwa na mwana na mkwe. Endelea kuandika, mwanangu, machozi yako yasidondoke kwenye karatasi, Anselimu alikuwa hapendi uchafu kwenye kazi.

Kuna jingine, Kaka, na hili ndilo limenikosesha raha kabisa. Waliposema mgeni anakuja, nikaamua nirekebishe. Nikaenda mtoni nikachimba udongo mweupe. Nikachoma ule mwekundu. Nikavunja mayai, nikatenga viini. Mikono ilikumbuka yote, hata kabla sijawaza. Nikang'oa unyoya. Nikamtoa Mama, nikampakata hapa hapa penye mlango kwenye mwanga. Nikasema nianze na kovu, kovu ni dogo, nikiliweka hilo macho yatakuja.

Nikanyanyua unyoya. Na sikujua ni shavu lipi.

Nililipaka mwenyewe! Nilimwona Mama kila siku, alinisuka nywele, uso wake ulikuwa hapa. Na nimepiga magoti mbele ya sanamu ile Noeli zote hizi. Nikafumba macho, nikamwona amekaa upande huu, kovu kushoto. Nikafumba tena, kovu kulia. Kila nikitafuta anageuka. Nikajaribu kwenye mkono wangu, nikajaribu kwenye chungu. Yai likakauka kwenye kibuyu. Kwenye ile picha ya simu anaonekana kilemba tu, uso umeinama. Wewe ndiye uliyekuwa unajua. Mama mdogo Rozalia kafa. Kaka, ilikuwa upande gani? Niliuliza kwa sauti, jirani akafikiri nina mgeni.

Nilimrudisha kwenye sanduku bila kumgusa. Nipake kwa kubahatisha, halafu iweje? Nimlete mtu mwingine kanisani nimwite mama yangu? Kumfuta nilimfuta kwa ujinga. Kumbadilisha ningembadilisha kwa kujua.

Hapa ninapoongea nimefikiri kitu. Sijui kama ni akili au ni woga unaongea. Watu hawa wote walioko kule kanisani wanakula wali, wamepiga magoti mbele ya Mama tangu wadogo. Desideri alikuwa anajipenyeza mbele kila Noeli, wewe ulimpa kofi mara moja kwa kumgusa. Mama Serafina alikuwa anakaa pale mpaka anasinzia. Si atakuwepo hata mmoja anayekumbuka shavu? Lakini siwezi kuwauliza nikiwa nimefunga mdomo. Ukitaka kuuliza lilikuwa shavu lipi, lazima kwanza useme shavu limekwenda wapi.

Na yule mama mgeni alisema kuna njia za wadudu. Labda na oili ina njia yake. Labda haina. Nitamwonyesha nailoni, sikuzitupa, rangi yote ya bluu iko mle. Nitamwambia wale watu aliosema wanaharibu kwa kupenda, mmojawapo alikuwa amekaa mstari wa mbele anajipiga mapaja.

Yustina anauliza, mbona usingoje wafungue waone wenyewe, labda watafikiri ni uzee wa mti. Mwanangu, nikingoja, mtu mwingine ndiye atakayesema neno la kwanza. Bibi Skola alinyamaza akingoja watu wachoke. Hawakuchoka.

Nasikia wimbo umeanza kule. Wamemaliza kula.

Kaka, nakuacha. Sijakwambia kwamba mti wako wa mfyulisi umezaa, na Filbati amenunua baiskeli nyingine, na kaburi lako nimelipalilia wiki iliyopita, ua lile la njano limeshika. Nilitaka kukwambia hayo kwanza, haya mengine yakatangulia. Pumzika. Mwambie Mama simwogopi yeye, yeye alikuwa ananisamehe hata nikimwaga maziwa. Nakuahidi jambo moja: uso wake sitaugusa mpaka nijue. Nikifa sijajua, abaki hivyo bila macho, na watu waambiwe ni kwa nini. Udongo nimeuhifadhi kwenye chungu, na namna ya kupiga bluu nitamfundisha Yustina, hata kama anasahihisha watu. Na Bibi Skola, nitamtumia salamu na wa kwanza anayeshuka Wampembe. Sijui kama atazipokea.

Ngoja nijifunge kanga.

Desideri yuko mlangoni anapiga hodi na koti lake. "Bibi Apolonia! Tumbo limetulia? Mgeni kasema hafungui bila kiwanda!"

Nakuja, Desideri. Yustina, nishike mkono huu, goti limekaza. Hayo usiandike. Nakuja! Mwambie asiguse kufuli kwanza, mwambie awakalishe watu wote chini, na wa Pito na wa Kasense, kwaya inyamaze. Nina neno la kusema, na nitalisema nimesimama.